Albamu ya peke yangu: je, ala moja inatosha?

Swali: Ndugu zangu, baada ya miaka mingi ya kupiga gitaa katika bendi, natayarisha albamu yangu binafsi. Je, niwaite wapigaji wengine?

Jibu: Msikilize Ayub Ogada, mwanamuziki wa Kenya aliyewahi kuwa katika African Heritage Band, na ambaye mwaka 1993 alitoa albamu "En Mana Kuoyo", ambamo nyatiti (ala ya Waluo yenye nyuzi nane) na sauti yake ya upole ndizo zinazobeba nyimbo.

Jibu: Naafiki kabisa. Kwa desturi mpigaji nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga ala, hivyo mdundo tayari upo. Rekodi kwanza peke yako, kisha uongeze kile tu ambacho wimbo unakidai.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nitaanza na gitaa kavu, lisilo la umeme.