Maombi ya masta Uingereza: GPA 3.8 inatosha?

Bi_Wete: Asalaam aleikum. Nina shahada ya SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), GPA, yaani wastani wa alama, 3.8. Nataka masta ya afya ya jamii Uingereza. Nianzie wapi?

Mzee wa Forodhani: Waaleikum salaam dada. 3.8 kwa mfumo wetu wa 5 ni daraja la pili la juu. Usiigeuze mwenyewe kuwa ya 4, andika "3.8/5.0" na uambatanishe transkripti (hati ya matokeo) yenye maelezo ya madaraja. Wengi hukwama hapo, mtu wa udahili akiisoma kama 3.8 ya 4 kisha akaona transkripti, anashuku.

Kazi kubwa ni barua ya maelezo binafsi. Utoto wako uache. Taja tatizo moja unalolijua, mathalan kipindupindu Unguja na Pemba, ulichokifanya kwa takwimu, kisha moduli mbili za kozi hiyo hiyo unazozihitaji. Barua moja kwa vyuo vitano inajulikana mara moja.

Chake2: Wadhamini, yaani watakaokuandikia barua za mapendekezo: waombe wiki sita kabla, wapelekee CV na rasimu ya barua. Imeili yao iwe ya chuo au ofisi, ya binafsi hukataliwa pengine. Jina nalo: cheti kikisema Fatma na pasi ikasema Fatuma, tafuta hati ya kiapo mapema.

Bi_Wete: Ahsanteni. Na Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza?

Mzee wa Forodhani: Wanataka uzoefu wa saa 2,800 za kazi, na uchague kozi tatu. Udahili unaomba kando, vyuoni kwenyewe. Angalia saa ya mwisho ya kutuma maombi: sita mchana ya London mwezi Oktoba mwanzoni ni saa nane kwetu; Januari ni saa tisa.