Uvimbe juu ya goti kwa kijana: tukate kinyama huku Pemba au avuke kwanza?

tabibu_wete
Assalaam alaykum wataalamu. Anakuja kijana wa skuli, miaka 12 mpaka 18, kavimba juu ya goti. Usiku halali kwa maumivu, ameshakandwa wiki kadhaa hakuna nafuu. Eksirei inaonesha mfupa umelika na miale inatoka nje kama jua. Hapo osteosakoma, saratani ya mfupa, lazima tuifikirie. Suala langu ni kabla hajavuka bahari kwenda rufaa. Familia wanataka jibu ndiyo wakubali safari, na baadhi ya wenzetu wanasema tukate kinyama, yaani kipande cha uvimbe cha kupimwa maabara, papa hapa, mgonjwa aondoke na majibu mkononi. Ni sawa?

mifupa_mjini
Waalaykumu salaam dokta. Msikate, tafadhalini sana. Kinyama cha sarkoma (saratani ya mfupa au ya nyama) achukue yule atakayeutoa uvimbe, au mtu anayeelekezwa naye.

Sababu ni hii. Pale sindano au kisu kinapopita, seli za saratani hubaki njiani. Siku ya upasuaji mkubwa njia hiyo yote, kuanzia kovu la ngozi hadi mfupani, inatolewa pamoja na uvimbe kwa kipande kimoja. Mkato ukiwa wa kukingama mguu, daktari atalazimika kutoa ngozi nyingi mno, na pengine isibaki ya kufunika chuma cha kuunga mfupa. Ndiyo maana kwenye mkono na mguu mkato unafuata urefu wa kiungo. Unapita ndani ya msuli mmoja, si katikati ya misuli miwili, na unakaa mbali na mishipa mikubwa na uwazi wa goti. Damu nayo ina madhara: ikivuja ikatapakaa paja zima, seli zinakwenda nayo. Hata tundu la dreni, mrija wa kutolea damu, likitobolewa pembeni, mbali na mkato, ni eneo jengine linalochafuka. Mguu uliokuwa wa kuokolewa unaishia kukatwa kwa sababu ya mkato wa sentimita tatu.

Tena MRI, picha ya sumaku, inatangulia kinyama. Ukishakata, uvimbe wa jeraha na damu vinachanganya picha na mpaka wa ugonjwa hauonekani vizuri. MRI iwe ya mfupa mzima, maungio ya juu na ya chini yake yaonekane, maana huwa kuna vipande vya ugonjwa vilivyoruka juu zaidi kwenye mfupa ule ule. Halafu CT, eksirei ya kompyuta, ya kifua, kwani osteosakoma hukimbilia mapafuni kwanza.

Kazi yenu huko ni eksirei ya pande mbili, mbele na ubavu, damu kamili, figo, ini, na vimeng'enya vya damu ALP na LDH. Baada ya hapo rufaa ya Mnazi Mmoja, Unguja, na kutoka huko MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar.

tabibu_wete
Ahsante. Na ikiwa tunashuku usaha au kifua kikuu cha mfupa? Huku yote mawili yapo.

maabara_patho
Swali zuri dokta, maana usaha wa mfupa na sarkoma hufanana sana kwenye picha. Ndiyo maana kinyama kinagawiwa mara mbili palepale chumba cha upasuaji, huko alikopelekwa. Sehemu moja inakwenda kwenye chupa safi isiyo na fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze), kwa ajili ya kuotesha vijidudu na kipimo cha TB. Ikishalowana fomalini haioti kitu. Sehemu ya pili inakwenda kwenye fomalini ya asilimia 10: sehemu moja ya fomalini ya dukani kwa sehemu tisa za maji, na chumvi zake za kutuliza asidi. Ujazo uwe mara kumi ya kinyama. Kinachoharibika mara nyingi ni kichupa chembamba, kinyama kimejazana, dawa haifiki ndani, katikati kinaoza. Jina liandikwe ubavuni mwa chupa, si kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana.

Kipande chenye mfupa kinahitaji kulainishwa kabla ya kukatwa vipande vyembamba. Asidi kali ni ya haraka lakini inaharibu rangi za vipimo vya ziada. EDTA, kemikali ya taratibu, inachukua siku nyingi, na ni bora kuisubiri. Familia waambiwe mapema kuwa majibu ya mfupa hayatoki kesho.

Na eksirei ifuatane na kinyama, nawaomba sana. Mfupa uliovunjika unaojiunga, ukitazamwa kwa hadubini peke yake, unaweza kudhaniwa saratani.

mifupa_mjini
Naongeza kuhusu uvimbe wa nyama, si wa mfupa, maana huko ndiko makosa yanakotokea kimyakimya. Uvimbe wa paja unaonekana mafuta tu, unatolewa kwa ganzi ya sindano, kisha hautumwi maabara. Ukizidi sentimita 5, yaani kama yai la kuku, au uko chini ya utando wa msuli, au unakua, au umerudi baada ya kutolewa, usiuguse kabla ya picha. Sarkoma ya nyama mara nyingi inahitaji na mionzi, ambayo ipo Ocean Road, hospitali ya saratani Dar. Osteosakoma mionzi haiifanyi kitu kikubwa. Tiba yake ni dawa za saratani za dripu na upasuaji.

nesi_saratani
Kabla hajapanda boti: mguu ufungwe plasta ya nyuma (inashika upande wa nyuma tu) kutoka pajani hadi kwenye kifundo, apewe magongo, asiukanyage hata kidogo. Ngazi ya boti na ile hatua ya kushukia gatini zinatosha kuvunja mfupa uliolika. Ukivunjika hapo, damu inatawanya seli. Kukandwa, kuchuliwa na kupigwa chuku kukome siku hiyo hiyo. Mzazi aelezwe sababu kwa upole. Alimpeleka kwa fundi kwa kumhurumia mwanawe.

Huko Dar kwa kawaida anaanza dawa kama wiki kumi, kisha upasuaji, kisha dawa tena. Wadogo wanatibiwa wodi ya saratani za watoto Muhimbili, ambako shirika la Tumaini la Maisha wanagharamia tiba.

Kati ya mzunguko mmoja wa dawa na mwengine anaweza kurudi Pemba, na hapo ndipo tunapowapoteza watoto. Siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dripu chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maradhi, zinashuka mno. Joto likifika 38, asipewe panadoli akaambiwa alale. Aje kituoni usiku huo huo, damu ichukuliwe, antibayotiki ya mshipa ianze ndani ya saa moja. Sindano ya tako asichomwe, chembe sahani, zinazogandisha damu, nazo ziko chini. Hakikisheni anarudi na barua yenye tarehe ya dripu ya mwisho na majina ya dawa, na nyumbani pawe na kipimajoto.

tabibu_wete
Nimeelewa. Plasta na magongo tunavyo. Kipimajoto cha nyumbani tutampa kabla hajasafiri, si akirudi.