Msaada: mistari 6,200 ya kusasisha kwenye CRM bila kuzalisha wateja pacha

Kolamu_B (mleta uzi)

Wakuu, naomba ushauri. CRM (mfumo wa kutunza taarifa za wateja) ni Salesforce, ina watu 18,400 pamoja na kampuni zao. Timu ya mauzo imeleta faili la Excel lenye mistari 6,200: namba mpya za simu, kundi la mteja, tarehe ya mkataba na msimamizi mpya. Kama 900 hivi ni wateja wapya, waliobaki tayari wamo kwenye mfumo. Faili halina ID (utambulisho wa pekee wa kila rekodi). Lina jina, kampuni, na imeili kwenye mistari mingi ila si yote.

Jaribio la mistari 300 limetoa pacha 41 (mteja yuleyule kufunguliwa rekodi ya pili), namba za simu zimepoteza sifuri ya mbele, na wateja wa siku nyingi wametumiwa imeili ya "karibu kwetu". Niendeleeje? Na hao 41 nawatoaje?

Mtunza_ID

Simamisha upakiaji kwanza, mkuu. Pacha na imeili za "karibu" ni tatizo moja, si mawili. Inaonekana ulilinganisha kwa jina, mfumo haukumwona "Asha Juma" kwa sababu kwenye CRM ameandikwa "Asha J. Juma", ukamfungulia rekodi mpya. Otomesheni inayosubiri rekodi mpya ikaamka na kumkaribisha. Ukiponya ulinganishaji, imeili zinakoma zenyewe.

Jina si ufunguo. Ufunguo ni ID ya rekodi, au namba ya mteja isiyojirudia, au imeili ukishaisafisha. Kwa hiyo kazi yako kubwa iko kwenye lahajedwali kabla ya kupakia:

1. Toa rekodi zote 18,400 kwa Data Loader (programu ya Salesforce ya kutoa na kupakia data): Id, imeili, jina, kampuni, na kila uga unaokusudia kuugusa. Hifadhi faili hilo pembeni bila kulihariri. Hiyo ndiyo bakapu yako.
2. Safisha imeili pande zote mbili: herufi ndogo, ondoa nafasi mwanzoni na mwishoni. TRIM peke yake haitoshi kwa data iliyonakiliwa kutoka kwenye kurasa za wavuti, kwani haiondoi nafasi ya CHAR(160). Tumia SUBSTITUTE kuibadilisha kwanza, ndipo TRIM.
3. Hesabu kila imeili kwa COUNTIF pande zote mbili. Yoyote inayotokea zaidi ya mara moja itoe, iamuliwe kwa macho. Imeili za aina ya info@ hutumiwa na watu watano wa kampuni moja.
4. Vuta Id kwa XLOOKUP (fomula ya Excel ya kutafuta thamani kwenye jedwali jingine), ukitafuta kwa imeili. Waliopata Id waende faili la kusasisha. Waliokosa waende faili la "kuchunguza", si moja kwa moja faili la wapya. Humo ndimo pacha wanamojificha.

Ukimaliza uwe na mafaili matatu (la kusasisha, la kuchunguza na la imeili zinazojirudia), na jumla ya mistari irudi 6,200. Isiporudi, kuna mahali umeangusha au umezidisha.

Sifuri_Mbele

Kuhusu simu: Excel ikifungua CSV (faili la maandishi lenye thamani zilizotengwa kwa mkato) kwa kubofya mara mbili hukisia kuwa namba ya simu ni hesabu. Sifuri ya mbele inaondoka, alama ya + inaondoka, na namba ya tarakimu 12 inaonekana kama 2.55E+11. Ukihifadhi hapo, CSV inaandikwa hivyo hivyo na tarakimu za mwisho zimekwenda. Hakuna fomula ya kuzirudisha, urudi kwenye faili la asili.

Dawa yake: fungua Excel tupu, nenda Data, kisha From Text/CSV, chagua Transform Data, na kolamu za simu na ID uzitangaze kuwa Text kabla ya kuziingiza. Kisha geuza simu zote ziwe mtindo mmoja wa kimataifa: alama ya +, msimbo wa nchi, na namba bila mabano wala vistari. Kiwango cha E.164 kinaruhusu tarakimu zisizozidi 15. Pima urefu kwa LEN. Mistari yenye urefu wa ajabu ndiyo mibovu.

Tarehe ziandike kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, mfano 2025-04-03. Ukiacha 03/04/2025, mfumo mmoja unasoma Aprili na mwingine Machi, na hautapata hata kosa moja kwa siku zote kuanzia 1 hadi 12. Makosa yataonekana kuanzia tarehe 13, na watu hudhani ni hizo tu zilizoharibika.

Mwisho hifadhi kama CSV UTF-8, si CSV ya kawaida, la sivyo majina yenye herufi za lafudhi yatageuka michoro.

Dawati_la_Data

Naongezea kwa aliyesema XLOOKUP. Hapo kuna shimo. ID za Salesforce zikitoka kwenye ripoti huwa na herufi 15 na zinatofautisha herufi kubwa na ndogo. Excel haitofautishi. ID mbili zinazoishia "4aB" na "4Ab" kwake ni kitu kimoja, na ukitafuta kwa ID, XLOOKUP itakuletea ya kwanza kuikuta. Yaani utaandika simu ya mtu kwenye rekodi ya mtu mwingine, na mfumo utakujibu "imefanikiwa". Tumia ID ya herufi 18 daima. Data Loader hutoa hizo. Kwenye ripoti ongeza uga wa fomula wenye CASESAFEID(Id).

Haraka_Haraka

Mbona mnamzungusha? Mistari 6,200 inaingia kwa Data Import Wizard, kikomo chake ni 50,000. Hana haja ya kusakinisha chochote.

Mtunza_ID

Kuingia inaingia. Lakini Data Loader inakuachia mafaili mawili, la waliofaulu na la waliokosea. La kwanza lina ID ya kila rekodi uliyoigusa, la pili lina sababu ya kila mstari. Anayeuliza leo namna ya kuwatoa pacha 41 angelikuwa na faili hilo asingeuliza. Wizard ni nzuri kwa orodha mpya; kwa kusasisha, kwa kweli siishauri.

Dawati_la_Data

Pacha 41: chuja rekodi kwa muda zilipoundwa na jina la mtumiaji aliyepakia. Kabla ya kufuta, angalia kama kuna mtu ameshaandika simu, kazi au fursa ya mauzo kwenye pacha. Zilizo tupu zifute. Zinakaa kwenye Recycle Bin siku 15. Zilizoguswa ziunganishe na rekodi ya zamani, na uchague kwa mkono uga upi ubaki.

Zingatia kwamba pipa hilo ni la rekodi zilizofutwa tu. Thamani iliyoandikwa juu ya nyingine haiendi pipani, ndiyo maana faili la bakapu halina mjadala.

Kolamu_B

Asanteni sana wakuu. Maswali mawili. Seli tupu: timu ya mauzo imeacha simu wazi kwa wateja wengi ambao kwenye CRM wana simu. Zitafutwa? Na wasimamizi wameandikwa kwa majina, inakubalika?

Mtunza_ID

Seli tupu: kwenye Data Loader, kwa kawaida haigusi kitu, thamani ya zamani inabaki. Ukiweka tiki kwenye Insert null values, seli tupu inafuta. Ukitumia Bulk API (njia ya kupakia kwa mafungu makubwa), chaguo hilo halifanyi kazi. Hapo anayetaka kufuta anaandika #N/A kwenye seli. Kwako usiweke tiki, usiandike #N/A.

Ila kumbuka hili siku ya kurudisha bakapu. Mteja asiye na simu akipewa simu ya makosa, bakapu yake ni seli tupu, na seli tupu haitaondoa kosa. Kwenye faili la kurudishia, ukitumia Bulk API lazima ujaze #N/A mahali palipokuwa patupu; bila Bulk API, weka tiki kwenye Insert null values.

Wasimamizi: hapana. OwnerId (uga wa msimamizi) inataka ID ya mtumiaji. Toa orodha ya watumiaji, tengeneza jedwali dogo la jina na ID, vuta kwa XLOOKUP. Hakikisha wote ni hai, kwani aliyezimwa atakataliwa.

Sifuri_Mbele

Kolamu ya kundi la mteja nayo ipitie. "Jumla", "jumla" na "Jumla" yenye nafasi mwishoni yote yapo kwenye mafaili ya namna hii. Orodha ya uchaguzi ikiwa imefungwa, tahajia isiyomo itakupa kosa la INVALID_OR_NULL_FOR_RESTRICTED_PICKLIST, na hiyo ndiyo heri. Ikiwa haijafungwa, mfumo unaweza kupokea tahajia zisizomo na ripoti zako zikagawanyika vipande. Tengeneza Pivot (jedwali la muhtasari) ya kolamu hiyo, dakika mbili tu utaona takataka zote.

Dawati_la_Data

Mpangilio wa kupakia: kampuni kwanza, watu baadaye, maana mtu anahitaji ID ya kampuni yake. Panga mistari ya watu kwa AccountId (ID ya kampuni) kabla ya kupakia. Usipopanga, makundi mawili yanayoenda sambamba yanaweza kugombania kampuni moja na utaona UNABLE_TO_LOCK_ROW. Likitokea, pakia tena mistari iliyokosea peke yake, au weka Bulk API kwenye hali ya mfululizo.

Anza na mistari 10, si 300. Chagua kwa makusudi: mwenye lafudhi kwenye jina, mwenye tarehe ya 3/4, asiye na imeili, mwenye seli tupu. Fungua kila rekodi kwa macho. Kisha 200, kisha zilizobaki.

Na kwa kazi zijazo, unda uga wa namba ya mteja, uutie alama za External ID na Unique. Ukishajaza, amri ya Upsert itaamua yenyewe nani ni wa kusasishwa na nani mpya, hutahangaika na XLOOKUP tena.

Kolamu_B

Nimeelewa. La mwisho: wale 900 wapya watumiwe imeili ya karibu, lakini si leo. Data Loader ina kitufe cha kuzima otomesheni?

Mtunza_ID

Haina. Njia safi ni kuweka sharti mwanzoni mwa Flow (otomesheni ya Salesforce inayotuma imeili hiyo): aliyepakia akiwa na ruhusa maalumu uliyomtengenezea, Flow isiendelee. Njia ya haraka ni kwenda Setup, Deliverability, uweke System email only, lakini hiyo inazuia imeili za watu wote kwenye mfumo, kwa hiyo ifanye nje ya saa za kazi na uirudishe All email ukimaliza. Imeili ya Flow iliyozuiwa kwa njia hii haisubiri foleni. 900 wako utawatumia baadaye kwa orodha, ukichukua ID zao kutoka kwenye faili la waliofaulu.