Mafundi, ACHENI kuihukumu valvu ya EGR (ya kurudisha moshi injini) bila kuipima!

Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka.

Injini ya gari langu la zamani la petroli ilianza kutoa mlio wa kugonga kila ninapopanda mlima. Fundi kafungua boneti, katazama sekunde chache tu, katamka: "EGR imekufa, nunua mpya." Nikanunua. Injini ikaendelea kugonga vilevile. Niliporudi, akanishauri niizibe njia kwa kipande cha bati, eti valvu hiyo haina kazi.

Haina kazi?! Valvu hiyo hurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini ili joto la mwako lishuke. Ukiziba, joto linapanda, gesi chafu za oksidi za naitrojeni zinaongezeka, na kule kugonga ninakokulalamikia ndiko kunakozidi. Pistoni ikitoboka nani atalipa?

Valvu yangu hufunguliwa kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa, basi nikaazima pampu ya mkono ya vakyumu, nikapima mwenyewe. Nikaanza na ile ya zamani, ambayo namshukuru Mungu sikuitupa. Nikavuta hewa: shina likapanda, mshale wa geji ukatulia pale pale, yaani diaframu (utando wa ndani unaoinua shina) haijapasuka. Nzima kabisa! Kisha nikaunganisha pampu kwenye ile mpya iliyofungwa garini, injini ya moto, sijakanyaga mafuta. Valvu ikifunguka katika hali hiyo, injini lazima itetemeke au izimike, maana moshi unaingia wakati hauhitajiki. Yangu haikushtuka hata kidogo. Nikaifungua na kuchungulia tundu: masizi matupu, bisibisi haipiti!

Nimechokonoa masizi jioni nzima, nikarudisha valvu ya zamani kwa gasketi mpya, nikavuta pampu tena. Injini ikazimika papo hapo. Nikaiwasha, nikaenda mlima uleule, haigongi.

(Mkisafisha valvu ya diaframu, msiitumbukize yote kwenye dawa ya karbureta, mtaiharibu diaframu. Na zile za umeme hupimwa kwa njia nyingine.)

Kipimo chenyewe hakifiki dakika kumi! Hata ile mipira ya vakyumu, fundi hakuigusa kuona kama imepasuka. Nimempelekea ile valvu mpya, akanijibu magari ya zamani ndivyo yalivyo, na pesa yangu harudishi.

Aliyewahi kurudishiwa pesa kwa kosa la namna hii, alimbanaje fundi wake? Kesho asubuhi naenda tena.