Boti ya maharamia kwa watoto, Chanzo cha Nile: nishaurini

Mama Shani, Walukuba
Habari zenu ndugu. Wifi yangu aliyeko Florida alitutumia video ya wanawe kwenye meli ya matembezi iliyopambwa kama ya maharamia. Bendera nyeusi ya fuvu, watoto wamechorwa masharubu, wanamwagiana maji kwa bunduki za plastiki, mwishoni wanagawana sanduku la hazina. Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Shani, miaka 8, ametengeneza upanga wa katoni. Mdogo wake wa miaka 5 analala na kitambaa jichoni.

Nataka kukodi boti ya kawaida pale Chanzo cha Nile, hapa Jinja, Uganda, tuipambe wenyewe. Binamu zao watakuja, na mama mkwe pia, ambaye ameishi Jinja miaka yote hii na hajakanyaga boti hata mara moja. Nianzie wapi? Na mama nimwambie nini akubali?

Baba Junior, Entebbe
Dada, kama mama anaogopa maji mleteni huku mpande MV Kalangala. Inatoka Nakiwogo mchana, baada ya saa tatu na nusu hivi mko Lutoboka, visiwa vya Ssese. Ni meli ya abiria, ina viti vizuri. Ila kurudi ni kesho yake, kwa hiyo mjiandae kulala.

Binti wa Masese
Mama Shani, mimi nimezaliwa mwaloni, baba mvuvi, kaka zangu wavuvi. Anza na jaketi za kuokolea. Ukiambiwa "ziko ndani ya boti", kataa. Kila mtoto avalishwe nchi kavu, mikanda ifungwe, kisha ushike jaketi mabegani ulivute juu. Likipanda mpaka masikioni, si lake; akianguka litamvuka. Huyo wa miaka 5 anataka jaketi la mtoto, na boti nyingi hubeba ya watu wazima tu. Mavazi ya kuigiza yakae chini ya jaketi. Joho refu na gumbuti viache nyumbani, na kitambaa cha jicho kitoke wakati wa kupanda na kushuka.

Nasisitiza kwa sababu ya Novemba 2018, boti ya starehe ilipozama upande wa Mukono na watu zaidi ya 30 wakafa. Ilijaza kupita kiasi. Walikuwa wametoka kwenda kufurahi kama ninyi. Hesabu vichwa, na watoto wahesabu.

Mahali umechagua vizuri. Safari ni fupi, ukingo unauona kulia na kushoto; mwambie mama hilo. Nendeni asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaanza.

Sasa maharamia. Hapa nakuomba kwa moyo wote, dada. Ziwa letu la Victoria lina maharamia wa kweli. Wanakuja usiku, wanachukua injini na nyavu, wanakuacha katikati ya maji. Kaka yangu alinyang'anywa injini aliyokuwa bado anailipia mkopo. Kulipokucha wavuvi wa mukene, yaani dagaa, ndio waliomwona wakamvuta mpaka ufukweni. Nahodha atakayewabeba huenda naye yamemkuta. Ukimtundikia fuvu kwenye boti yake atanyamaza, maana wewe ni mteja, lakini litamuuma.

Wafanye watoto wavumbuzi. Kisa kipo hapohapo: Speke, mvumbuzi Mwingereza, alifika tarehe 28 Julai 1862, akayaona maporomoko ambayo Waingereza waliyaita Ripon. Bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954 yalikuwa yamefunikwa na maji. Mtoto ukimwambia kuna maporomoko mazima yamezama mtoni, atahangaika na fuvu tena? Mchoree ramani: furukombe juu ya mti, mnandi akianika mabawa, kenge kwenye mawe, mdiria. Anayemwona anatia alama. Wakimaliza wote ndipo sanduku lifunguliwe, uwe umeweka karanga na kashata za simsim.

Okello, Njeru
Watoto wanaigiza tu jamani. Wangu walicheza polisi na wezi, na hakuna aliyekuwa mwizi. Wapambie walivyoomba.

Binti wa Masese
Kaka Okello, nyumbani wacheze hata kila siku. Mimi nasema juu ya boti ya mtu aliyeibiwa.

Mama Shani, Walukuba
Asanteni sana. Dada, nilimsomea Shani habari ya kaka yako. Upanga ameuweka chini, akauliza kama injini ilirudishwa. Bendera sasa anachora furukombe, ingawa mdogo wake bado anadai fuvu, na huyo nitajua la kufanya naye. Mama mkwe amekubali, mradi akae karibu na nahodha na yeye ndiye ashike sanduku. Kilichobaki ni jaketi la mtoto. Nimeuliza manahodha wawili, hawana.

Binti wa Masese
Injini haikurudi, mwambie Shani. Alivua kwa kasia mpaka akapata nyingine, ya mtumba.

Jaketi ninalo, la mwanangu, limeshambana. Njoo na mtoto tulijaribu mabegani. Bila yeye sikupi.