Naomba ushauri: maombi ya ruzuku ya sanaa

Ndugu wanachama, habari zenu. Mimi ni mchongaji wa vinyago, na maombi yangu mawili ya ruzuku yamekataliwa, jibu la pili likiwa na mstari mmoja tu wa maelezo: kwamba kazi inavutia lakini haieleweki fedha zitatumikaje. Bajeti nimekwisha kuiandika upya, nikatenganisha magogo, patasi, usafirishaji na ujira wangu mwenyewe, ambao awali niliona haya kuutaja. Hata hivyo maelezo ya mradi bado yanaanza na aya tatu za historia yangu, nami nashindwa kuamua nikate wapi. Je, sentensi ya kwanza itaje kazi nitakayoifanya au sababu ya kuifanya? Na ujira wa msanii ukadiriwe kwa siku au kwa kazi nzima? Natanguliza shukrani.