Soketi ya jikoni imeungua, ni lazima niitaarifu halmashauri?

Mgeni_England: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Nipo England, nyumba ni yangu. Juzi nachomoa birika la umeme nikakuta soketi ya jikoni imeungua, plastiki imekuwa ya kahawia na inanuka. Nataka niibadilishe na niongeze nyingine pembeni ila jirani ananiambia umeme wa jikoni hauguswi mpaka uitaarifu halmashauri. Ni kweli?

FundiWaya: Mkuu jirani anaongelea sheria ya zamani. Part P, yaani kanuni za ujenzi za usalama wa umeme majumbani, ilipoanza 2005 jikoni ilikuwemo, ila tangu Aprili 2013 huko England wameitoa. Taarifa inabaki kwa saketi mpya (njia mpya ya waya kutoka boksi la fyuzi), kubadilisha boksi la fyuzi, na kuongeza au kugeuza waya karibu na bafu au shawa. Ila hiyo sio ruhusa ya kulipua kazi, kisheria bado lazima iwe salama.

MamaPacha: Mie niko Wales, huku kuongeza soketi jikoni bado unatoa taarifa, kubadilisha iliyopo tu ndio hapana. Wa huku msichanganye.

FundiWaya: Sahihi dada. Sasa mkuu, kwanini iliungua? Mara nyingi skrubu ya nyuma imelegea, waya unagusa nusu nusu unapata moto. Zima kwenye boksi, tesita ijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, kisha hii, kisha rudi tena kwenye ile ya kwanza, maana tesita mbovu itakwambia hapana umeme na kumbe upo. Shaba ya waya ikiwa nyeusi kata mpaka ufike kwenye safi, waya ukibaki mfupi usiuvute, ita fundi. Na ukikuta waya mbili kwenye kila skrubu mara nyingi ni ringi, yaani waya unaozunguka soketi zote na kurudi kwenye boksi, zote zirudi, kwenye ringi ukiacha moja soketi itawaka vizuri tu huku mzigo wote umeegemea upande mmoja na wewe hujui. Hiyo utakayoongeza iwe na kinga ya RCD ya 30 mA, kile kifaa kinachokata umeme haraka ukivuja.

Mgeni_England: Asante sana mkuu. Boksi lenyewe ni la zamani la fyuzi za waya, RCD haina kabisa.

FundiWaya: Basi anza na boksi kabla ya kuongeza chochote, na hilo usiguse mwenyewe. Tafuta fundi aliyesajiliwa kwenye shirika la mafundi umeme, mfano NICEIC au NAPIT, taarifa anatoa yeye ndani ya siku 30 na wewe unapata cheti. Kitunze, ukiuza nyumba wataulizia. Ukichukua ambaye hajasajiliwa kwa kawaida itabidi uitaarifu halmashauri kabla kazi haijaanza na ulipie.